Ufunguo umegoma kuzunguka: namna ya kushughulikia swichi iliyokwama kwenye gari la zamani

Katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa utakuta gari la zamani limelala bandani au chini ya mparachichi. Linaweza kuwa Land Rover iliyowahi kubeba viazi, Hilux iliyopeleka mahindi gulioni, au pikapu aliyoiacha mzee baada ya kustaafu. Siku familia inapoamua kulifufua, hununua betri, hubadili oili na kujaza matairi upepo. Kisha ufunguo unaingizwa kwenye swichi, na hauzunguki.

Hapo ndipo wengi hutumia nguvu. Ufunguo hukatikia ndani, nguzo ya usukani huvunjwa, na kazi iliyohitaji nusu saa hugeuka kuwa ya wiki nzima. Wengine huambiwa wanunue swichi mpya wakati tatizo lilikuwa tairi lililoegemea jiwe.

Katika makala hii tunaeleza swichi ya gari inavyofanya kazi, sababu za kukwama, na hatua za kufuata kwa mpangilio, tukianza na zile zisizo na gharama. Tunaeleza pia kwa nini swichi mbovu ni suala la uhai kwa mtu anayeendesha kwenye miteremko yetu.

Swichi ina sehemu tatu

Watu husema "swichi imekufa" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye magari mengi kuna sehemu tatu zilizounganishwa, na kila moja ina ugonjwa wake.

Sehemu ya kwanza ni silinda, yaani pale ufunguo unapoingia. Ndani yake kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo sahihi huvipanga vibati hivyo vyote usawa mmoja, na silinda inakuwa huru kuzunguka. Kibati kimoja tu kikikwama kwa kutu au uchafu, silinda nzima inagoma.

Sehemu ya pili ni loki ya usukani. Hiki ni kipande cha chuma kinachotoka na kuingia kwenye tundu la mhimili wa usukani ufunguo ukitolewa. Kazi yake ni kumzuia mwizi asiweze kukata kona.

Sehemu ya tatu ni swichi yenyewe ya umeme, iliyoko nyuma ya silinda. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyogusana na kuachana kadiri ufunguo unavyozunguka. Hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye redio, kwenye injini na kwenye stata.

Si kila gari lina sehemu zote tatu. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zilikuwa na ufunguo kwenye dashibodi na kitufe cha pembeni cha stata, bila loki ya usukani. Series III, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo iliyohamishia swichi kwenye nguzo ya usukani pamoja na loki. Kwa hiyo kwanza tazama gari lako ni la namna gani. Kama ufunguo uko kwenye dashibodi, mbali na usukani, hatua za loki ya usukani hazikuhusu.

Kwenye magari mengi ya Japani utaona maneno manne kuzunguka tundu la ufunguo: LOCK, ACC, ON na START. LOCK ni usukani kufungwa na ufunguo kutoka. ACC ni umeme wa redio na vitu vidogo. ON ni umeme wa injini. START ni kuzungusha stata, na ukiachia, springi huurudisha ufunguo kwenye ON.

Kabla hujagusa kitu

Weka breki ya mkono na jiwe au gogo nyuma na mbele ya tairi. Gari lililolala muda mrefu linaweza kuwa na breki isiyoshika, na kwenye mteremko linaweza kuanza kuondoka.

Hakikisha gia iko huru, ile mnayoita fri. Kwa gari la otomatiki, gia iwe kwenye P.

Ukitaka kupuliza dawa au kufungua kitu chochote kwenye nguzo ya usukani, ondoa kwanza waya hasi wa betri. Waya wa swichi utokao kwenye betri una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ukigusa chuma unaweza kuunguza nyaya zote za dashibodi, na kwenye banda la nyasi moto hausubiri.

Jambo la mwisho: ukiona nyaya zenye kifuniko cha njano kwenye nguzo ya usukani, au herufi SRS katikati ya usukani, gari hilo lina mfuko wa hewa. Usifungue usukani mwenyewe. Mfuko huo unaweza kulipuka na kukuumiza. Mpelekee fundi anayeujua.

Ufunguo unaingia lakini hauzunguki

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke.

Hatua ya kwanza ni kulegeza usukani. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Gari likiegeshwa matairi yakiwa yamekata kona, au tairi likiegemea jiwe, uzito wa matairi hukandamiza kile chuma cha loki ndani ya tundu lake. Ufunguo hauwezi kukivuta. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, uutikise taratibu kulia na kushoto. Utahisi upande mmoja ni mgumu kabisa na upande mwingine unacheza kidogo. Usukume kuelekea upande unaocheza, ushikilie hapo, huku mkono wa kulia unazungusha ufunguo kwa upole. Ikishindikana, inua tairi za mbele kwa jeki, uweke gogo imara chini ya gari, kisha ujaribu tena. Uzito ukiondoka kwenye matairi, loki nyingi huachia.

Hatua ya pili ni kuuchunguza ufunguo. Uweke juu ya meza au kioo utazame kama umepinda. Meno yake yaangalie: kama yamekuwa duara kama jino la mzee, ufunguo umelika. Tatizo la magari yetu ni kwamba ufunguo ulichongwa kutokana na ufunguo mwingine uliokwisha kulika, na huo nao ulichongwa kutokana na mwingine. Kila nakala hubeba kasoro ya iliyotangulia. Kama kuna ufunguo wa akiba uliokaa kabatini miaka yote, huo ndio wa kujaribu, maana haujatumika sana. Jaribu pia kuuvuta ufunguo nje kidogo sana, kama unene wa kucha, ukizungusha taratibu. Ukizunguka hapo, ujue ufunguo umelika na unahitaji mpya.

Hatua ya tatu ni kusafisha silinda. Nyanda za Juu Kusini zina maadui wawili wa silinda. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara za vijijini huingia kila mahali. Masika, unyevu hukaa kwenye vyuma kwa miezi, na ukungu wa Mufindi, Rungwe na Kitulo hauachi kitu kikauke. Mafuta ya zamani yaliyokuwa ndani hushikana na vumbi na kuwa tope gumu. Kwa gari lililokaa bandani, chungulia tundu kwa tochi ya simu: nyigu wa matope hupenda kujenga kwenye vitundu vya namna hiyo. Matope hayo yachokonoe kwa waya mwembamba kabla ya kuingiza ufunguo, la sivyo utayashindilia ndani.

Baada ya hapo, waya wa betri ukiwa umeondolewa, puliza ndani ya tundu dawa ya kulegeza kutu, kama WD-40, kwa kutumia mrija wake mwembamba. Mara mbili fupi zinatosha. Subiri robo saa. Ingiza ufunguo na kuutoa mara 20 bila kuuzungusha, na kila mara uufute kwa kitambaa. Utaona uchafu mweusi unatoka. Rudia mpaka ufunguo utoke safi. Acha mlango wazi ili harufu iishe, na usivute sigara wala kuwasha kibatari karibu.

Hatua ya nne ni kulainisha kwa kitu kikavu. Hapa wengi hukosea. Usiweke oili ya injini, grisi, wala mafuta ya kupikia. Siku mbili utaona nafuu, kisha mafuta yatanasa vumbi na tatizo litarudi likiwa baya zaidi. Silinda inataka unga wa risasi ya penseli. Chukua penseli ya mwanafunzi, ipake kwa wingi pande zote mbili za ufunguo mpaka ung'ae kijivu, ingiza na utoe mara kadhaa, kisha upake tena. Njia hii ni ya bei ya penseli moja na inafanya kazi vizuri.

Hatua ya tano ni kugonga kwa upole. Ufunguo ukiwa ndani, uzungushe kwa vidole viwili tu, huku mwenzako akigonga taratibu uso wa silinda kwa mpini wa bisibisi. Mtikisiko huo unaweza kukiachia kibati kilichonasa. Kumbuka: vidole viwili. Ukifika mahali pa kutafuta koleo ili kuongeza nguvu, acha. Umefika mwisho wa kazi ya mikono na mwanzo wa kazi ya fundi.

Onyo moja kwa wanaotaka kulivuta gari kwa trekta au kulisukuma liwake. Kama ufunguo hauzunguki, usifanye hivyo. Usukani umefungwa, gari halitakata kona, na hata likizunguka magurudumu halitawaka kwa sababu umeme wa injini haujafunguliwa.

Ufunguo umekatikia ndani

Kwanza, usiingize kipande kilichobaki mkononi ili "kujaribu". Utasukuma kile cha ndani kiende mbali zaidi. Usitumie gundi pia. Gundi hushika vibati pamoja na ufunguo, na hapo silinda imekwisha.

Tazama tundu limesimama wapi. Kama ufunguo ulikatika silinda ikiwa imezunguka, kipande hakitatoka mpaka silinda irudi mahali ufunguo huingilia. Irudishe kwa ncha ya bisibisi nyembamba.

Puliza dawa kidogo, kisha chukua jani jembamba la msumeno wa chuma, lililosagwa likawa jembamba zaidi, meno yake yakitazama nje. Lipitishe kando ya ufunguo upande wenye meno, lipinde kidogo linase, kisha vuta taratibu. Kikitoka, vihifadhi vipande vyote viwili. Fundi wa funguo anaweza kuviunganisha na kuchonga ufunguo mpya kutokana navyo.

Ufunguo unazunguka lakini hautoki

Kwenye gari la otomatiki, hakikisha gia imefika P kabisa. Isukume mbele zaidi. Baadhi ya magari pia yana kizuizi cha umeme, na betri ikifa ufunguo hubaki umefungwa humo. Weka betri nzima ujaribu tena.

Kwenye Toyota nyingi za gia za mkono, ufunguo hauwezi kurudi LOCK kutoka ACC mpaka uusukume ndani kwanza, au ubonyeze kitufe kidogo kilicho karibu na silinda. Wengi walionunua gari bila kitabu chake hawalijui hili, wakadhani swichi imeharibika. Kizuizi hicho kiliwekwa makusudi ili dereva asifunge usukani kwa bahati mbaya gari likiwa kwenye mwendo.

Kama ufunguo umebaki ON na hutaki kuuacha hivyo usiku, toa waya hasi wa betri. Kuacha ON injini ikiwa imezimwa hula betri, na kwenye gari la petroli la zamani huweza kuunguza koili.

Ufunguo unazunguka, lakini gari kimya

Hapa silinda ni nzima. Tatizo liko kwenye umeme, na si lazima liwe swichi. Anza na betri: safisha vichwa vyake mpaka ving'ae, kaza nyaya, kisha ukague waya unaofunga betri kwenye bodi ya gari. Kwenye gari lililolala, waya huo ukiwa na kutu hufanana kabisa na swichi mbovu. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia husoma karibu volti 12.6 kwenye mita. Angalia pia kama gari lako ni la volti 24, maana baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilitoka hivyo, na kulipa betri moja ni kulionea.

Kisha washa ON na usome taa za dashibodi.

Kama hakuna taa hata moja inayowaka, angalia fyuzi kuu na waya mnene unaoingia kwenye swichi.

Kama taa zinawaka vizuri lakini zinafifia sana ukienda START, betri ni dhaifu au nyaya zake zina kutu.

Kama taa zinawaka na hazifiifii, na husikii hata mlio wa "tik", umeme haufiki kwenye stata. Tafuta waya mwembamba unaoingia kwenye kichwa cha stata. Mwekee taa ya kupimia, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imevutwa, kisha mwenzako azungushe START. Taa ikiwaka, swichi ni nzima na stata ndiyo mbovu. Isipowaka, rudi nyuma kwenye swichi.

Kama injini ya petroli inawaka ukishikilia START lakini inazima mara tu ukiachia ufunguo, mguso wa ON ndani ya swichi umelika, au rezista ya koili imekatika. Jaribu kubadili rezista kwanza. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na mafundi wengi husahau kukiangalia.

Kwa dizeli, kumbuka injini haihitaji cheche. Ufunguo hufungua tu njia ya mafuta, na katika magari mengi ya zamani injini huzimwa kwa kuvuta kamba au kitufe. Dizeli isiyozimika kwa ufunguo inaweza kuwa na swichi nzima kabisa.

Stata haiachii

Ukiachia ufunguo na stata ikaendelea kulia, una sekunde chache tu. Ama springi ya kurudisha ufunguo imekufa, ama mguso wa START umeshikana. Rudisha ufunguo kwa mkono. Ikiwa bado inalia, chomoa waya wa betri mara moja. Stata huvuta umeme mwingi sana, na nyaya zake zikipata moto huweza kuliteketeza gari. Ndiyo maana tunashauri spana ya betri ikae karibu kila unapolijaribu gari lililolala muda mrefu.

Kutoa silinda na swichi

Ukiwa na ufunguo unaozunguka, silinda za magari mengi hutoka kirahisi. Ondoa plastiki inayofunika nguzo ya usukani. Weka ufunguo kwenye ACC. Tafuta kitundu kidogo pembeni ya silinda, ingiza msumari mwembamba, bonyeza pini iliyo ndani huku ukivuta ufunguo. Silinda itakufuata. Hapo unaweza kuisafisha vizuri kwa mafuta ya taa, nje, mbali na moto, kisha ukaikausha kabisa na kuipaka unga wa penseli.

Swichi ya umeme hushikwa nyuma kwa skrubu mbili au tatu. Kabla hujachomoa, piga picha ya nyaya kwa simu yako. Picha hiyo inaweza kukuokoa siku nzima ya kubahatisha. Kwenye Toyota, maandishi kwenye swichi ni AM kwa umeme utokao betri, ACC, IG kwa injini na ST kwa stata. Kwenye Land Rover za zamani, rangi husema: waya wa kahawia hutoka betri, mweupe huenda kwenye injini, na mweupe wenye mstari mwekundu huenda kwenye stata. Lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi huenda limeshabadilishwa nyaya, kwa hiyo pima kwa taa kabla ya kuamini rangi.

Kama ufunguo hauzunguki kabisa, nyumba nzima ya loki lazima itoke. Imefungwa kwa bolti zisizo na vichwa, maana vichwa vilikatwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue. Fundi huzizungusha kwa tindo na nyundo, au huzichonga mfereji wa bisibisi. Kazi hii inataka utulivu, kwa sababu mhimili wa usukani uko hapo hapo.

Kitufe cha kubonyeza: njia ya mkato na hatari yake

Magari mengi ya vijijini yamewekewa kitufe cha stata na swichi ya kawaida ya kuwasha umeme. Si kila kazi ya namna hiyo ni mbaya. Lakini kuna mambo matatu lazima yazingatiwe.

La kwanza ni loki ya usukani. Kama umeruka ufunguo lakini loki imebaki mahali pake, gari linaweza kuwaka usukani ukiwa umefungwa. Baya zaidi, loki iliyolegea inaweza kuruka na kufunga usukani gari likiwa barabarani. Kabla ya kitufe, loki itolewe kabisa, si kuegeshwa.

La pili ni fyuzi na rilei. Waya wa stata hauwezi kubebwa na kitufe cha taa ya nyumbani. Bila rilei kitufe kitaungua, na bila fyuzi nyaya zitaungua.

La tatu ni wizi. Gari linalowaka kwa kitufe ni la kila mtu. Weka swichi ya siri ya kukata betri.

Kitonga haina mzaha

Kwa nini tumesisitiza jambo hili? Tazama ramani yetu. Kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda Iringa kuna Kitonga, yenye kona kali na bonde upande mmoja. Ukitoka Mbeya mjini kuelekea Tunduma kuna mteremko wa Iwambi hadi Mbalizi, kisha Senjele. Ukishuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela ni kona juu ya kona.

Kwenye miteremko hiyo wapo madereva wanaozima injini ili kuokoa mafuta. Kwa gari lenye swichi iliyolika, huko ni kucheza na kifo. Injini ikizima, breki zenye msaada wa injini hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Usukani wenye msaada huwa mzito. Na kama mkono ukiteleza hadi LOCK, au ufunguo uliolika ukaruka wenyewe, usukani unaweza kufungwa katikati ya kona.

Fanya jaribio hili gari likiwa limesimama: washa injini, kisha jaribu kuvuta ufunguo ukiwa ON. Ukitoka, gari hilo lisiende barabarani mpaka silinda ibadilishwe.

Usidhani hili ni tatizo la magari makuukuu ya Afrika pekee. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuita magari yapatayo milioni 2.6, kwa sababu swichi zake ziliweza kuteleza kutoka ON gari likiwa kwenye mwendo. Injini ilizima, na mifuko ya hewa haikufunguka ajali ilipotokea. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Moja ya mambo yaliyochangia lilikuwa uzito wa vitu vilivyoning'inia kwenye ufunguo. Kwa hiyo zile funguo za nyumba, ghala na pikipiki ulizofunga pamoja na ufunguo wa gari, zitenganishe leo. Uzito huo ukining'inia kwenye barabara ya mashimo husaga silinda kila siku.

Ukienda kwa fundi

Kwa silinda, mtafute fundi wa funguo. Kwa nyaya, mtafute fundi umeme wa magari, si fundi wa injini. Vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa hufundisha ufundi wa magari, na waliosoma huko wametawanyika katika gereji nyingi. Ukinunua swichi, beba ile ya zamani na picha ya nyaya, ulinganishe kichwa cha kuchomekea kabla ya kulipa. Ukibadilisha silinda nzima, utakuwa na funguo mbili, moja ya mlango na moja ya kuwashia. Ukitaka kubaki na moja, fundi wa funguo anaweza kuhamisha vibati vya silinda ya zamani kwenda kwenye mpya.

Beba kadi ya gari. Fundi mwaminifu atakuuliza, maana mtu anayetaka kufunguliwa swichi bila kadi anaweza kuwa mwizi. Kama gari ni la marehemu, malizeni kwanza suala la mirathi na umiliki kabla ya kumwaga fedha. Gari lililofufuliwa ndugu wakiwa hawajapatana huzaa ugomvi kuliko lilivyozaa likiwa bandani.

Kwa kifupi

Hifadhi maneno haya kwenye simu yako:

1. Weka mawe kwenye matairi na gia iwe huru.
2. Tikisa usukani huku ukizungusha ufunguo kwa upole.
3. Jaribu ufunguo wa akiba.
4. Safisha silinda, kisha tumia penseli, si oili.
5. Vidole viwili, si koleo.
6. Gari kimya? Anza na betri na nyaya zake.
7. Stata haiachii? Chomoa betri.
8. Usiweke kitufe kabla loki ya usukani haijatolewa.
9. Ufunguo ukitoka injini ikiwa inaunguruma, usiingie barabarani.

Gari la zamani linaweza kurudi shambani na gulioni likatumika miaka mingine mingi. Mpe ufunguo wake subira, na kabla ya kushuka Kitonga, hakikisha swichi yake ni nzima.